Je, Wajua? Waya wa Meno Unavyouchonga Uso

Sogea kidogo kwenye benchi, leo kila mtu anapapasa uso wake. Uwe wa Sigowet hapa Kericho, huku juu kwenye majani chai au wa Soin kule chini kwenye miwa, mradi una taya na kidevu, haya yanakuhusu.

Je, wajua kwamba jino lako halijashikamana na mfupa? Limeshikiliwa ndani ya shimo lake na nyuzinyuzi hai, na nafasi ya nyuzi hizo ni robo milimita tu. Kwa ajili ya robo milimita hiyo jino linaweza kuhama, uwe na miaka 12 au 60.

Linahama vipi? Waya ukilisukuma, upande linakoelekea chembe za mwili hula mfupa, na upande linakotoka chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Yaani taya inabomoa mbele na kujenga nyuma, na jino lenyewe bado liko kazini linatafuna ugali!

Na mwendo wake? Takriban milimita 1 kwa mwezi. Mwezi mzima, milimita moja!

Nguvu inayotakiwa je? Gramu 50 hivi zinatosha kuinamisha jino la mbele, uzito wa yai moja la kuku. Ukikaza waya kupita kiasi, damu hukosa njia kwenye zile nyuzinyuzi na jino hugoma kwa wiki kadhaa. Haraka haina baraka, hata kinywani.

Ngoja, hili ni tamu zaidi. Magego ya mtu mzima yanaweza kuuma kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi, na bado hayahami, kwa kuwa kuuma ni kwa punde tu. Ukijumlisha nyakati zote ambazo meno ya juu yanagusana na ya chini kwa siku nzima, hufikii dakika 20! Lakini nguvu kidogo ikikaa hapo saa 6 au zaidi kila siku, jino linaondoka.

Umeshaona basi kwa nini kidole gumba cha mtoto kinalishinda gego? Mtoto anayelala akikinyonya usiku kucha anavuka zile saa 6, na meno yake ya mbele yanaachana, ya juu huku na ya chini kule. Waya wa meno unatumia kanuni ile ile ya kidole gumba, ila kwa hesabu.

Sasa weka kidole pale nywele zinapoanzia. Shuka hadi kwenye nyusi, kisha hadi chini ya pua, kisha hadi ncha ya kidevu. Umepata sehemu tatu zinazokaribiana urefu, na Mrumi Vitruvius aliziandika miaka 2,000 na ushei iliyopita!

Katika hizo tatu, waya unafanya kazi karibu yote kwenye moja tu, ile ya chini. Macho, nyusi na paji la uso hauyagusi hata ukivaliwa miaka mitatu. Mtu akikuambia waya umemkuza macho, mwambie ni furaha tu.

Theluthi hiyo ya chini nayo ina hesabu yake: mdomo wa juu sehemu 1, mdomo wa chini pamoja na kidevu sehemu 2. Usiniamini, jipime kwa vidole.

Je, wajua kwamba midomo yako imeegemea meno? Meno ya mbele ya juu yakirudishwa nyuma milimita 1, mdomo wa juu hurudi nyuma nusu milimita au zaidi kidogo. Jino linatangulia, mdomo unafuata, na mwenyewe unaona kioo kinakuonyesha sura nyingine.

Kwa mtu ambaye meno yake yametokeza sana, daktari wakati mwingine hung'oa magego madogo manne, kila moja likiwa na upana wa milimita 7 hivi. Meno ya mbele yanarudi kujaza nafasi hiyo, na midomo inarudi nyuma milimita 2 hadi 4. Pembe iliyo kati ya pua na mdomo wa juu nayo inafunguka. Milimita 4, msomaji, na jirani anauliza umefanya nini usoni!

Papasa mbele ya sikio lako, ufungue kinywa na kukifunga. Umeisikia bawaba ya taya ikicheza? Kwa kuwa bawaba iko huko nyuma, magego yakiinuliwa milimita 1 tu, mbele kinywa kinafunguka kama milimita 2, na kidevu kinashuka na kurudi nyuma kidogo. Mtu ambaye meno yake ya juu yalikuwa yanayafunika ya chini yote anapata uso mrefu zaidi kwa chini, bila kisu wala sindano ya urembo.

Na kinyume chake kinawezekana! Daktari anaingiza kwenye mfupa skrubu ndogo, upana wake milimita 1.5 hivi, na kuzitumia kama nguzo za kuyasukuma magego yazame. Kidevu kinapanda na kuja mbele, uso mrefu unafupika. Kazi hiyo miaka 50 iliyopita ilitaka chumba cha upasuaji.

Je, wajua kwamba kaakaa lako ni vipande viwili? Kwa mtoto, vipande hivyo vimekutana katikati kwa mshono ambao haujakauka, na hukazana kadiri ujana unavyoisha. Hapa ndipo penye maajabu, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Mwaka 1860, daktari Mmarekani Emerson Angell alimwekea msichana wa miaka 14 skrubu juu ya kaakaa, iwe inazungushwa kidogo kidogo. Ndani ya wiki mbili taya ya juu ilikuwa imepanuka! Wenzake wengi hawakumwamini, na njia yake ikakaa pembeni karibu miaka mia moja kabla ya kurudi kwa kishindo. Leo mzazi anazungusha ufunguo mdogo nyumbani, na kila robo mzunguko huleta takriban robo milimita.

Ishara kwamba mshono umefunguka ni ipi? Mwanya! Mtoto ambaye hakuwa na mwanya anaamka nao katikati ya meno ya mbele, mpana kabisa, kisha nyuzinyuzi za fizi zinauvuta hadi unajifunga wenyewe. Wapo wanaosikitika unapofungika, na nawaelewa, maana kwetu mwanya ni urembo wa kuimbiwa. Kama wako ni wa kuzaliwa na unaupenda, mwambie daktari mapema auache.

Tena kaakaa ni sakafu ya pua. Likipanuliwa, hata msingi wa pua unapanuka kama milimita 1. Huo ndio mpaka wa juu ambapo kifaa cha meno kinafika usoni.

Mtoto mwenye taya ya chini iliyobaki nyuma huvalishwa vipande viwili vya plastiki vinavyoitwa Twin Block, kazi ya Mskoti William Clark ya mwaka 1977. Kila akifunga kinywa, taya inalazimika kuja mbele. Sura ya pembeni inabadilika ndani ya miezi tu! Hapo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na meno yenyewe, na mfupa unaongezea milimita moja au mbili.

Na taya ya juu ikiwa ndiyo imebaki nyuma? Mtoto huvaa usiku kifaa kinachoegemea paji la uso na kidevu, kikiivuta taya mbele kwa mipira. Hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10. Baada ya hapo mfupa unaanza ubishi.

Sasa kuhusu watu waliotufikisha hapa. Je, wajua kwamba Norman Kingsley, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii Marekani katika karne ya 19, alikuwa pia mchonga sanamu? Mkono ule ule ulichonga nyuso na kuvuta meno.

Daktari Mmarekani Edward Angle ndiye aliyeyapanga meno yasiyokutana sawa katika makundi matatu, mwaka 1899, na madaktari wa Nairobi wanayatumia makundi hayo hadi leo asubuhi. Uso aliouona bora kuliko zote ulikuwa wa sanamu ya marumaru ya Apollo iliyoko Vatican. Hebu fikiria: kipimo cha uso wako na wangu, jiwe la Roma!

Angle alimwendea mwalimu wa sanaa Edmund Wuerpel ampe kanuni moja ya uso mzuri. Wuerpel akamwambia haipo, kwa kuwa nyuso za watu hazifanani. Kwangu mimi, huyo mwalimu wa kuchora alisema neno kubwa kuliko yote katika historia nzima ya waya wa meno.

Angle alikataza kung'oa jino hata moja. Mwanafunzi wake Charles Tweed alifuata amri hiyo, kisha akaona nyuso za wagonjwa wake zinajaa mno mdomoni. Akawatibu upya wagonjwa 100, akiwang'oa magego madogo manne manne, na mwaka 1940 akawaonyesha wenzake matokeo. Ukumbi ulichafuka! Na ubishi wa kung'oa au kutong'oa haujaisha hata sasa.

Mwaka 1931 ilikuja eksirei ya kichwa cha pembeni, iliyobuniwa mwaka huo huo na Broadbent huko Marekani na Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kivyake. Kwa eksirei hiyo daktari aliweza kupima uso wa mtu aliye hai kwa digrii. Kipimo kilichosambaa duniani kilisema taya ya juu iwe digrii 82, ya chini 80, tofauti 2.

Umekishika hicho? Vizuri, kwa maana kilitokana na nyuso za Wazungu wa Marekani. Mwaka 1989 vilichapishwa vipimo vya watoto Wakikuyu wa Kenya, na vikaonyesha taya na meno ya mbele yaliyokaa mbele zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa, walikuwa watoto wenye nyuso zao za kawaida!

Kuna mstari mwingine: toka ncha ya pua hadi ncha ya kidevu. Kwa vitabu vya kizungu midomo ikae nyuma ya mstari huo. Weka kalamu usoni ujaribu. Kama midomo yako imeugusa au imeuvuka, hongera, unafanana na babu zako. Daktari anayekurudisha nyuma ili tu uufuate mstari huo anakutibu ugonjwa usio nao.

Je, wajua kwamba taya maarufu sana imetoka hapa hapa Kericho? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Fort Ternan, Louis Leakey alipata vipande vya taya ya juu vyenye meno vya nyani wa kale, akamwita Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya Wicker, mwenye shamba. Umri wake? Miaka milioni 14! Watu wanakwenda mbali kutafuta maajabu, na taya hiyo ilikuwa imelala katika kaunti yetu.

Ukimtazama mvulana wa Turkana, mifupa iliyoonwa kwanza na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, utakuta jambo moja: hana kidevu. Aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kidevu kilichotokeza ni chetu sisi tu, katika jamaa zetu wote wa zamani. Kishike chako kwa fahari!

Kwa nini basi meno yanabanana siku hizi? Watafiti waliwalisha pimbi, hao hao wanaoota jua kwenye miamba yetu, kundi moja chakula kigumu na jingine chakula laini kilichopikwa. Mwaka 2004 walitangaza kwamba wa chakula laini walikuwa na upungufu wa asilimia 10 hivi katika ukuaji wa sehemu za chini na za nyuma za uso. Mpe mtoto muwa wa Soin autafune, naye bado anakua.

Pua nayo imo. Nyani waliozibwa pua katika majaribio ya mtafiti Egil Harvold, wakalazimika kupumua kwa mdomo, waliota taya na meno ya namna nyingine kabisa. Mtoto wako akilala kinywa wazi kila usiku, pua yake ipimwe kabla ya meno.

Sogea, hapa ni nyumbani. Wazee wetu wa Kipsigis, kama Wakalenjin wengine na Wamaasai, waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini, na jirani zetu Wajaluo, hao tunaokutana nao soko la Sondu, waling'oa sita! Mwaka 1993 watafiti walichapisha vipimo vya vielelezo vya plasta vya meno ya Wamaasai waliong'olewa hivyo, wakivilinganisha na vya watoto Wakikuyu. Desturi ya mababu ikaingia kwenye jarida la Ulaya la madaktari wa kupanga meno.

Lakini desturi moja inaniuma, nayo ni ile ya kumchokoa mtoto mchanga fizi kutoa kinachoitwa meno ya plastiki. Kile kinachotolewa ni kichipukizi cha chonge! Miongoni mwa watoto 95 wa Kimaasai wa miezi 6 hadi miaka 2 waliopimwa katika miaka ya 1990, asilimia 87 walikuwa wamechokolewa. Chonge la kudumu linaweza kuharibika au kukosekana, na mstari wa katikati wa meno ukahama upande mmoja. Homa ya mtoto na kuhara kwake vina dawa kliniki. Fizi zake ziachwe.

Na tatizo la mpangilio wa meno limeenea kiasi gani? Watoto 919 wa miaka 13 hadi 15 walipimwa Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996: asilimia 72 walikuwa na kasoro fulani, nyingi zikiwa meno yaliyojipinda au kubanana. Nyingi kati ya hizo hazihitaji waya wowote.

Turudi kwenye chai, maana hatuwezi kuikwepa. Je, wajua kwamba mchai hunyonya floraidi kutoka udongoni na kuihifadhi kwenye majani? Jani kuukuu lina floraidi nyingi mara kadhaa kuliko majani mawili na chipukizi unayochuma kila siku.

Floraidi kidogo ni rafiki wa jino, nyingi ni adui. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 kwa lita. Ziwa Nakuru limewahi kupimwa miligramu 2,800! Meno ya kahawia ya Bonde la Ufa hutokana na maji ya floraidi nyingi, na vichuma vinavyobeba waya hushika kwa shida zaidi juu yake.

Vichuma hivyo hushikaje, kwani? Jino hupakwa asidi kwa sekunde chache ili liparuze, kisha gundi. Michael Buonocore alitoa wazo hilo mwaka 1955 kutoka viwandani, ambako chuma husafishwa kwa asidi ili rangi ishike. Kabla ya gundi, kila jino lilivalishwa pete nzima ya chuma.

Waya wenyewe una akili. Aina moja ni nikeli na titani, iliyogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Ukiukunja, joto la kinywa linaurudisha kwenye umbo lake. Madaktari wa meno waliuchukua miaka ya 1970, na sasa uko midomoni kote duniani.

Kuna wanaovaa plastiki isiyoonekana badala ya waya. Kampuni ya Invisalign ilianza mwaka 1997, na mmoja wa waanzilishi wake, Zia Chishti, hakuwa daktari wa meno. Kila kifuniko kinasogeza jino kama robo milimita, nacho kivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku.

Ukishakazwa waya, maumivu hufika kilele baada ya saa 24 hivi, kisha yanapoa. Siku hiyo ni ya ugali laini na mursik. Mahindi ya kuchoma na muwa uwaachie wengine, maana vichuma hung'oka. Chai kunywa, ila ujue mipira midogo ya kufungia waya, ikiwa haina rangi, itageuka njano, kwa hiyo chagua ya rangi.

Wastani wa matibabu ni miezi 20 hivi. Ukikaa Sigowet na daktari yuko mjini, hesabu nauli ya kila wiki 4 hadi 6 kabla hujaanza. Waya ulioachwa mdomoni bila kuangaliwa huharibu meno.

Na hili usilisahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafuatilia waliovuliwa waya, na miaka 10 baada ya kuacha kifaa cha kushikilia meno, takriban 7 kati ya 10 meno yao ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena. Kifaa hicho cha usiku kivae miaka kwa miaka.

Wataalamu wa Marekani wanashauri mtoto aangaliwe kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 7, magego ya kwanza ya kudumu yakiwa yametoka na mfupa bado unasikia. Wewe mwenye mtoto wa miaka 7 hapo nyumbani, mwite sasa hivi, mwambie aume meno, umtazame kwa mbele na kwa pembeni. Ukimpeleka kwa daktari, muulize swali moja: uso wa mwanangu unaupima kwa uso wa nani?